Mtu Niliyemwacha Chini

Alhamisi, Katoro. Upepo wa kiangazi umeamka nasi, na vumbi limeingia hadi kwenye vitufe vya kompyuta yangu. Nimeifuta mara tatu. Leo kila kitu nakitilia shaka, hata kitambaa.

Tangu Ijumaa iliyopita majaribio ya programu yetu yanaanguka. Ni programu ya kuandikisha wachimbaji wanaoshuka na kutoka kwenye duara, shimo la dhahabu, na tumeahidi kuianzisha Jumatatu. Majaribio yanajiendesha yenyewe, zaidi ya mia, na kila mara yakifika katikati Windows inaniambia memori imekwisha. Kulwa, mwenzangu anayefanyia kazi Shinyanga, anatumia Linux. Kwake yote yanapita.

"Kwangu iko salama, dada," aliniandikia. "Labda kompyuta yako haikupendi."

Nilichukia. Halafu nikaanza kuchimba.

Niliona kwamba Ijumaa hiyohiyo Kulwa aliongeza ukubwa wa picha za wachimbaji. Hakuniambia. Nikakumbuka kwamba nafasi ya kuongoza kazi hii aliitaka yeye, nikapewa mimi. Nikapanga vipande hivyo mpaka vikafanana na ushahidi wa hujuma, na Jumanne nikampelekea Baba Neema, bosi wetu. Kulwa akafungiwa kuingia kwenye mfumo siku hiyohiyo. Baba Neema alisema mkataba wake utaamuliwa wiki hii.

Niandike ukweli: nilifurahi.

Kulwa akiwa amefungiwa, nilirudisha picha ndogo. Majaribio yakaenda mbele kidogo, kisha yakaanguka palepale pa memori. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Badala yake nikafikiri ameficha kitu kingine.

Leo saa nane mchana nilikwenda duarani kumwambia Mama Shija, karani wa pale, kwamba huenda tukachelewa. Nikamwamkia.

"Marahaba. Umeniletea mashine au maneno?"

"Maneno, mama."

"Basi kaa. Maneno hayana haraka."

Alikuwa anakula ugali, daftari lake liko wazi pembeni, jiwe juu ya ukurasa ili upepo usiufunue. Nikataka kulisogeza daftari lisipate mchuzi, na mkono wangu ukaanza kulifunga.

"We! Masele bado yuko chini!"

Nilijua. Hapa daftari halifungwi mtu akiwa chini, hata mvua inyeshe. Linafunikwa kwa turubai, likiwa wazi. Mama Shija mwenyewe ndiye aliyetufundisha, na sharti hilo niliiwekea programu kwa mkono wangu: daftari likatae kufungwa mpaka wa mwisho atoke. Nilijivunia sana.

Nikasimama na mchuzi kidoleni.

Majaribio yangu kama arobaini, niliyoyaongeza Ijumaa hiyohiyo, yanamshusha mtu wa kubuni na kumwacha huko, ili nione kama king'ora kitalia. King'ora kinalia, jaribio linapita, ninaendelea na lingine. Yule mtu simtoi. Kwa hiyo daftari lake halifungwi, na limebeba picha za wachimbaji wote. Madaftari arobaini wazi, yote ndani ya memori moja.

Kwa Kulwa tulipanga kila jaribio lipate chumba chake cha memori, na likiisha chumba kinavunjwa na vyote vilivyomo. Kwenye Windows njia hiyo haipo, yote yanakaa chumba kimoja. Kompyuta yake ilikuwa inanificha kosa langu. Yangu ilikuwa inanionyesha, na mimi nikamtazama Kulwa. Picha zake kubwa ziliharakisha tu kujaa. Aliziongeza kwa sababu Mama Shija alilalamika kwamba kwenye zile ndogo hawatambui watu wake. Hilo nimelisikia leo, kwa kuuliza swali moja.

Niliporudi ofisini niliongeza mstari mmoja mwishoni mwa kila jaribio: mtoe, kisha funga. Nikarudisha picha kubwa. Yote yamepita.

Sikufurahi.

Nilimpigia Kulwa. Aliitika haraka mno.

"Nyamizi. Imepona, au umepata mchawi mwingine?"

Nikamwambia mchawi ni mimi. Nikasikia mama yake akiongea Kisukuma nyuma yake, na sufuria.

"Mwambie aliyenifungia," akasema. "Mimi sijakufungia." Akakata.

Nimemwandikia Baba Neema kila kitu, pamoja na kwamba nilifurahi. Hilo halikuhitajika kwenye ripoti, lakini nisipoliandika nitakuja kulikana. Amejibu: tutaongea asubuhi.

Najiuliza ningefanya nini kama Masele angewahi kutoka mchana huu, na daftari likafungika mkononi mwangu bila mtu kunipigia kelele.

Programu iko tayari kwa Jumatatu. Jina la Kulwa bado lina kufuli jekundu kwenye kioo. Saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwa Baba Neema, na sitaondoka pale mpaka Kulwa atolewe.