Siku Tatu Alizoniulizia

Jumatatu, 8 Septemba

Maji hayakuja tena. Madumu mawili, ngazi ishirini na mbili. Miezi saba ya umisionari hapa Kibokoni, na jirani anayenifungulia mlango ni mmoja tu, Bi Zuhura wa nyumba ya pili. Wengine hunipa salamu ndefu kuliko mahubiri yangu, kisha komeo. Leo Bi Zuhura amenicheka, eti nabisha kama askari. Piga hodi mara tatu, amesema, kisha ungoje. Mumewe anaumwa kifua.

Mchungaji wangu amepiga simu kutoka nyumbani Bungoma. Nimeleta wangapi kwa Bwana? Sijaleta hata mmoja. Nimechoka kuulizwa.

Jumanne, 9 Septemba

Mume wa Bi Zuhura amefariki alfajiri. Alasiri wameshamzika. Kichochoro kimejaa mabuibui. Nilitaka kuingia, nikageuka. Kwetu msibani huendi peke yako, wala mikono mitupu. Nimekwenda kanisani Shimanzi kuwaomba akina mama. Wamekubali. Jumamosi.

Alhamisi, 11 Septemba

Kisomo cha msibani kinasikika hadi dirishani kwangu. Nimenunua mchele na sukari Makadara. Nimefunga, nimeomba: Bwana, huu ndio mlango, nisiukose. Mtu kafiwa, nami nawaza mlango. Najichukia.

Jumamosi, 13 Septemba

Aibu. Aibu tupu.

Tumeingia kichochoroni wanawake saba, vikapu kichwani, tukiimba. Hakuna mkeka, hakuna watu. Binti yake amefungua nusu mlango.

"Matanga tumeanua juzi. Mama kakuulizia siku zote tatu. Sasa kakaa eda ya ujane. Nyimbo zenu, tafadhali, ziishie barazani."

Vikapu vimerudi Shimanzi. Kumbe hapa siku tatu ni siku tatu. Nilikuwa hatua kumi kutoka mlangoni kwake, nikikusanya mchele.

Jumatatu, 15 Septemba

Siwezi tena. Nimeandika barua ya kuomba nirudishwe nyumbani. Mistari minne. Sijala tangu jana. Naomba, na sisikii kitu ila jenereta ya jirani.

Jumatano, 17 Septemba

Nilitaka kumuaga. Nimekwenda peke yangu, mikono mitupu. Hodi tatu. Nikangoja, nikangoja sana.

Binti amenipisha. Bi Zuhura alikuwa amekaa mkekani, hana hina, hana udi, amepungua. Nimempa pole. Nimemwambia kwamba kwetu tungekuja wiki nzima.

"Mimi sikutaka mchele wako," amesema. "Nalitaka uje ukae."

Nimelia. Nimemwambia na habari ya barua. Baadaye amenisogezea ungo wa mchele, nusu kwake, nusu kwangu. Tumechagua mawe hadi adhuhuri.

"Eda yangu ni miezi minne na siku kumi," amesema, macho kwenye ungo. "Barua yako yakuondoa lini?"

Mchungaji alipiga simu, nikaiacha ilie. Kesho nimeambiwa niwahi, kuna kunde za kuchambua.