Leo Nimeifunga Laini ya Sahra

Jumatano. Kiangazi hakijatuachia, na upepo wa leo umeleta vumbi mpaka ndani ya chandarua. Nimefagia mara mbili na bado nikikaa kitandani nahisi mchanga. Magharibi imepita. Nimeswali, nimechemsha chai ya maziwa ya ngamia, kikombe kimoja, na sasa niko hapa.

Sijui nani anasoma ukurasa huu. Pengine wanafunzi wangu wa zamani, wawili watatu. Kwetu nyumbani hakuna anayesoma Kiswahili kirefu namna hii, ndiyo maana nayaandika humu. Nikisema kwa Kisomali, kabla chai haijapoa maneno yangu yameshafika mji wa Masalani.

Nianze na lililo rahisi. Kuna mikopo mitatu ya simu kwa jina langu, na mimi sijawahi kukopa hata mmoja. Nilijua mwezi uliopita nilipoomba cheti cha kuonyesha kwamba sidaiwi. Nilikihitaji kwa sababu shirika moja la elimu hapa Garissa limenipa kazi ya kudumu, mimi ambaye kwa miaka sita nimekuwa mwalimu wa bodi, mwalimu anayelipwa wazazi wakilipa. Mwisho wa kupeleka karatasi ni keshokutwa, Ijumaa. Bila cheti, kazi anapewa aliyenifuata kwenye orodha.

Badala ya cheti nililetewa ripoti inayosema mimi ni mdaiwa sugu. Mimi, ninayemlipa muuza mahamri kabla sijameza!

Sasa lililo gumu. Aliyekopa namjua. Ni Sahra, binti ya eedo wangu, yaani shangazi, dada ya marehemu baba. Na laini aliyokopea nilimsajilia mimi.

Kwa kitambulisho changu, kwa miguu yangu.

Sahra na mimi tulilala mkeka mmoja mpaka tulipofika miaka saba. Kisha ukaja ukame, ng'ombe wa eedo wakaisha, naye akafanya walilofanya wengi. Aliwachukua watoto wake akaenda kambini Hagadera, akasema wametoka ng'ambo ya mpaka, wakaandikishwa ukimbizi ili wapate unga na mafuta. Hakuna aliyemlaumu, maana hakuna aliyekuwa na cha kumpa. Lakini alama za vidole vya Sahra zilibaki kwenye kompyuta. Alipofika miaka kumi na minane akaenda kuomba kitambulisho cha Mkenya, kompyuta ikamjibu kwamba yeye ni mkimbizi. Tangu siku hiyo si wa huku, si wa kule.

Mtu asiye na kitambulisho hasajili hata laini ya simu. Kwa hiyo miaka minne iliyopita alikuja kwangu akaniomba, tukaenda dukani pamoja, nikapigwa picha mimi, laini akaondoka nayo yeye. Sikufikiri mara mbili. Kwetu kumnyima ndugu kitambulisho ni kama kumnyima maji huku umeshika dumu. Nusu ya mtaa huu wanaongea kwa laini za binamu zao.

Laini hiyo pamoja na namba ya kitambulisho changu, basi. Kukopa kwenye simu hakudai zaidi ya hapo.

Kwa miaka sita nimewafundisha watoto kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Wakiniuliza ni mdudu gani huyo, nawaambia chawa, wanacheka, tunaendelea na methali nyingine. Wallahi sikuwahi kukaa nikafikiria kwamba chawa naye unaweza kumpenda.

Maana Sahra nampenda. Jioni kama hii, Magharibi ikishapita, simu ilikuwa inalia na sina haja ya kutazama ni nani. Aliniuliza nimepika nini. Nikisema chai tu, alinigombeza kama hooyo, yaani mama. Mimi sina mume, sina mtoto, chumba ni kimoja na mlango ni mmoja. Mtu pekee aliyejua kama nimekula alikuwa ni yeye.

Siku nane zilizopita nilimuuliza. Nilisikia kelele za punda na mikokoteni nyuma yake. Kisha akasema, "Abaayo, nilikuwa nalipa kabla hujajua." Kwetu abaayo ni dada. Alisema mkopo wa kwanza ulikuwa wa kununua nguo za kuuza pale sokoni, wa pili wa kuzima wa kwanza, na wa tatu hakumaliza kuueleza. Alikata simu. Hajapiga tena, wala hapokei nikipiga.

Wengine nao wamenyamaza. Adeer Noor, ndugu ya baba, alinipigia mara moja tu kuniambia jambo la damu halipelekwi kwa askari. Wazee watakaa, watasema, litaisha. Nikamwambia wazee wakae kabla ya Ijumaa. Akaniambia nimesoma sana. Kwenye kundi la familia la simu nikiandika salamu, watu wanaiona, hakuna anayeitikia. Hooyo ananijibu kwamba mbuzi wazima, alhamdulillahi, kisha kimya. Sijui nilikosea kwa kuibiwa au kwa kusema.

Leo asubuhi nilienda kwenye ofisi ya msaada wa sheria. Hawalipishi. Kuna benchi la mbao na watu wengi wasiotazamana. Wakili ni mama wa Kikamba, mpole, macho yamechoka. Alinieleza njia yote bila haraka: kwanza hati ya kiapo, kisha ripoti polisi, kisha barua kwa waliokopesha na kwa wale wanaotunza orodha ya wadaiwa, ili jina langu liandikwe kwamba lina mgogoro unaochunguzwa. Cheti chenyewe hakiwezi kutoka kufikia Ijumaa. Lakini barua ya kuthibitisha kwamba nimelalamika inaweza kutoka kesho, na waajiri wengine huikubali kwa muda. Wengine, alisema. Hakuniahidi.

Karani, mzee mmoja wa kwetu, akanipa hati ya kiapo iliyokwisha kuchapwa, nafasi za jina na namba tu ndizo wazi. Nikaanza kuijaza. Mimi, Hodhan, mtu mzima mwenye akili timamu. Nikafika kwenye sentensi ya nne: sijawahi kumpa mtu yeyote kitambulisho changu wala kumruhusu akitumie kwa jambo lolote.

Kalamu ikakaa.

Nataka niseme ukweli humu, kama siusemi humu nitausema wapi. Nilitaka kusaini. Nilijiambia ni sentensi moja tu, na nani atajua? Kazi ile ningeipata kwa wepesi zaidi. Ningekuwa mtu aliyeibiwa, nukta.

Mzee akaona nimekwama. "Mwalimu, saini tu. Hii karatasi ni ya watu yote. Yote nasaini, hakuna shida."

Lakini ni kiapo. Nikiapa hivyo, Sahra anakuwa mwizi aliyeokota kitambulisho changu njiani, na ile siku tuliyokwenda dukani pamoja, akaninunulia soda kwa shilingi zake za mwisho, inakuwa haikutokea. Aliniibia, ndiyo. Ila hakuniibia kitambulisho. Alichoiba ni kuaminiwa, na hilo halina nafasi ya kujaza kwenye fomu.

Niliirudisha kwa wakili nikamwambia yote. Alivua miwani. "Mwalimu, ukisema ukweli kesi yako itakuwa ngumu kidogo. Hata wewe unaweza kuulizwa kwa nini ulimsajilia mtu laini. Ukisema uongo itakuwa rahisi, mpaka siku watakapomuuliza yeye."

Nikasema tuandike ukweli. Ikaandikwa upya, kwamba laini nilisajili kwa ajili ya binamu yangu, kwa sababu hana kitambulisho, na mikopo sikuiruhusu wala sikuijua. Jina lake likaingia. Nilipoliona limechapwa, jina la baba yake na la babu yake yamelifuata, nikalia. Nililia mbele ya benchi zima na sikuona hata haya.

Kituoni askari aliandika taarifa yangu kwenye kitabu, polepole, akinisomea kila mstari. Aliniuliza kama nataka binamu yangu akamatwe. Nilisema nataka jina langu tu. Akasema hayo mawili huwa yanakwenda pamoja, kisha akanipa namba ya taarifa kwenye kipande cha karatasi.

Kilichobaki kilikuwa laini. Wakili alikuwa amenionya kwamba ikiendelea kufanya kazi na mkopo wa nne ukichukuliwa, baada ya kiapo hiki sitakuwa na la kujitetea. Kwa hiyo nikaenda dukani, jua la saa nane likiwa utosini. Kabla sijaingia nilimpigia Sahra mara tatu. Iliita mpaka ikakatika, mara zote tatu. Nikamwandikia: Sahra, naifunga. Nikaituma, nikaingia ndani.

Msichana wa kaunta aligeuza skrini nione namba. "Madam, hii nikiifunga imeenda hivyo, hairudi. Nifunge?"

Nikasema funga.

Sekunde mbili tu. Nilidhani itachukua muda zaidi.

Alasiri nikiwa narudi nyumbani, wakili akanipigia. Alisema ameisoma tena taarifa yangu na hakunipigia kwa ajili ya mikopo. Alitaka kujua huyo binamu yangu alizaliwa wapi. Kumbe ofisi yao ina kesi za watu kama Sahra, Wakenya walioandikwa ukimbizi utotoni kwa sababu ya njaa, na baadhi yao wameondolewa kwenye orodha ile wakapata vitambulisho vyao. "Hata hili la mikopo litazungumzika vizuri zaidi akija mwenyewe kabla hajatafutwa," alisema. "Mwambie aje wiki ijayo. Aje na mama yake."

Nikasema ahsante, nitamwambia. Nikakata simu, nikaipiga namba ya Sahra kwa mazoea. Sauti ya mashine ikanijibu kwamba mteja hapatikani.

Eedo hana simu, hutumia ya Sahra. Adeer Noor hatapokea nikipiga mimi. Kundi la familia liko kimya kama kawaida yake. Habari njema ya kwanza kwa Sahra tangu tuwe na miaka saba ninayo mimi, na njia pekee ya kumfikishia nimeifunga mwenyewe leo mchana.

Kwa hiyo Ijumaa nitapeleka barua na kuomba Mungu waikubali. Jumamosi nitapanda gari niende Hagadera. Naona aibu kuandika hili: kwa miaka minne yote hii yeye ndiye aliyekuwa anakuja kwangu. Mimi sijawahi kwenda. Sijui anaishi upande gani, sijui mlango wake una rangi gani.

Najua tu kwamba anauza nguo sokoni, na wateja wake hulipa kwa simu. Jina linalowatokea wakilipa ni langu. Aliwahi kunisimulia huku anacheka kwamba pale sokoni hakuna anayemjua kwa jina la Sahra, wote wanamwita Hodhan, naye amechoka kuwasahihisha.

Basi Jumamosi nikishuka pale itabidi nimuulizie Hodhan. Watanipeleka. Na wakiniuliza, nawe dada ni nani, niwajibu nini?