Riwaya ya Macho Mekundu

Ngokolo, Jumamosi

Na wote wakapiga makofi! Kikundi chetu cha wasomaji, watu wazima tisa wenye akili zao, kimekubaliana kwamba riwaya ya mwezi huu ni tamu kwa sababu "mwandishi anatujua." Anatujua nini? Bibi wa humo anatambuliwa kuwa mchawi kwa macho yake mekundu, wanakijiji wanamkata mapanga, na Mama Kulwa anasema hapo ndipo aliposisimka zaidi.

Nikawauliza, nani hapa mama yake hakupikia mavi makavu ya ng'ombe? Moshi ule unamwachia nani macho meupe?

"Mwalimu, hiyo ni hadithi tu," akanijibu Mama Kulwa, na wenzake wakacheka.

Hadithi tu! Huku kwetu vikongwe wameuawa kwa hadithi hiyohiyo.

Nimefika nyumbani bado nina hasira. Mama yangu, ambaye macho yake ni mekundu tangu nipate akili, akanisogezea kigoda.

"Mwanangu, kitabu cha mwezi huu hujanisomea hata ukurasa mmoja."

Nikamwambia nimeshakirudisha. Kiko hapa, chini ya godoro langu.