Kufuli Lako Ulilifunga, Castory

Mwaka umezunguka, Castory, tangu jioni ile gari la kiwanda lilipokuleta nyumbani Mkuyuni umefunikwa shuka, na mama akakuita bila kuitikiwa.

Tunakukumbuka ukishuka kwenye gari Jumamosi na mkate kwapani, ukiwaamkia wakubwa wote, hata waliokupa mgongo. Ulimbebea mama ndizi mpaka sokoni, ukakaa naye mpaka ziishe, ingawa alikufukuza akisema si kazi ya fundi umeme kuuza mikungu.

Mashirika yalipoanza kubinafsishwa, kiwanda kikauzwa, nawe ukapunguzwa. Ukarudi kulekule kama fundi wa nje, chini ya kontrakta. Mjomba Bonifasi, msimamizi wa kundi, ndiye aliyekutafutia nafasi. Mafundi wa nje mlipewa kadi ya sheria: shusha swichi kuu, tundika kufuli lako mwenyewe asije mtu akawasha, ufunguo ukae mfukoni mwako, usimpe mtu. Mdogo wako Yuliana, aliyeachia shule darasa la tano, ulimsomesha kwa kadi hiyo. Alisoma polepole, na hukumcheka hata siku moja.

Ulipotengeneza mashine ya kusaga hapa kijijini, ulifunga swichi vilevile. Shangazi Veronika alikuwa kwenye foleni na debe lake la mahindi.

"Castory, umekuja kutengeneza mashine au kufunga duka?"

"Shangazi, nikifa leo huo ugali utaula na nani?"

"Nitaula peke yangu, nishibe kwa mara ya kwanza."

Ulicheka mpaka bisibisi ikakudondoka. Lakini kufuli hukulitoa.

Siku ya kukuzika, mtani wetu Chausiku alivaa kofia yako ya kazi, akatundika kufuli mlangoni. "Marehemu hatoki mpaka mwenye ufunguo aje," akasema. "Haya, ufunguo anao nani?" Watu walicheka huku wanalia, kama ilivyo kwa watani. Mjomba Bonifasi aliangalia chini.

Kwa maana kiwandani ilishasemwa kwamba hukufunga, na aliyesema ni yeye.

Baada ya mazishi, mwenzako Semeni, aliyekuwa akikushikia ngazi, alimweleza mama. Asubuhi ulifunga. Uliposhuka kunywa chai stoo, mjomba akakuomba ufunguo ili aijaribu mashine kidogo. Ukampa kwa mikono miwili, kama tulivyokulea, kwa sababu kwetu mjomba hanyimwi. Akajaribu, akafunga tena, ufunguo ukabaki kwake. Wewe ukarudi kwenye nyaya, maana ulilikuta kufuli lako mahali pake. Wakubwa wa kiwanda walipotaka umeme, mjomba alidhani bado uko stoo. Akafungua, akawasha.

Wazee wa ukoo wakasema mjomba haanikwi hadharani. Tukanyamaza. Sokoni watu waliposema, "Yule na kufuli lake lote, kumbe alizembea," tuliinamia mafungu yetu ya pilipili manga tukajifanya tunayapanga. Mwanao Judith alichekwa shuleni, akaja kutuuliza kama baba yake alikuwa mzembe. Tukamwambia ale, chakula kinapoa. Hilo linatutia haya kuliko yote.

Juzi tulikaa kuandaa tangazo hili. Yuliana alipewa kalamu kwa kuwa mwandiko wake unasomeka. Unamjua, mbele ya wakubwa hata maji ya kunywa haombi. Mjomba akaanza kumtajia maneno.

"Andika hivi. Alifariki kazini kwa ajali, baada ya kusahau kufunga…"

Kalamu ikasimama. Yuliana alitafuta pa kuanzia, asipaone.

"Shikamoo mjomba," akasema.

"Marahaba. Si umeshaniamkia?"

"Ndiyo, mjomba. Naomba hapo aandike mtu mwingine. Mkono wangu umekataa."

Akaiweka kalamu mkekani. Mkeo Josephina alimvuta Judith karibu. Kalamu ikakaa pale, na hakuna aliyeigusa.

Mjomba alikohoa, akaingiza mkono ndani ya koti. Akatoa ufunguo mdogo wenye uzi mwekundu, ule uzi uliokuwa umeufunga mwenyewe. Kumbe mwaka mzima alikuwa akitembea nao. Akampa Yuliana kwa mikono miwili, yeye mkubwa kwa mdogo.

"Andika nilimwomba, akanipa," akasema. "Andika nikadanganya. Na jina langu liwe la kwanza, wasije wakalitafuta."

Basi tumeandika. Anayesoma na amsomee jirani yake: Castory hakuzembea. Kosa lako lilikuwa heshima, na heshima hiyo tulikufundisha sisi. Utusamehe kwa kukuacha na jina lisilo lako mwaka mzima, wakati ukweli tulikuwa nao ndani ya nyumba.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili kigangoni kwetu. Ufunguo anao Judith.

Wanaokukumbuka: mjomba wako Bonifasi, mama yako Scholastika, mkeo Josephina, mwanao Judith, shangazi Veronika, na mdogo wako Yuliana.

Hatutakusahau, Castory, na hatutanyamaza tena.