Matone Matatu kwenye Kola

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Kazi ya kupika hospitalini inaendaje? Mimi sijambo, ila baridi yabisi yangu ni ile ile, mpangaji asiyehama. Nimekushonea shati. Vifungo vimenitoa jasho, maana vidole vimekufa ganzi. Afadhali, sindano ikinichoma siisikii. Shingo nayo inakaza, lakini fundi cherehani gani hana shingo ngumu?

Mama yako

29 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, na shati limenikaa. Lakini ndani ya kola nimekuta matone matatu ya damu. Wewe, uliyekuwa ukifumua nguo nzima kwa doa la chai. Nimemwonyesha barua yako muuguzi mmoja hapa. Anasema baridi yabisi ya miaka mingi inaweza kulegeza mifupa ya juu ya shingo, ikabana mshipa mkuu wa fahamu unaopita humo. Akaniuliza, "Anatembeaje?" Nijibu wewe. Nenda hospitali, waambie wapige picha ya shingo. Usinifiche kitu, Mama. Naogopa.

Mwanao

16 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Dada yako anaandika, mimi nasema, kalamu inanitoroka. Nilikuficha. Napepesuka tangu mwezi wa kwanza, na nimeanguka mara mbili. Picha imeonyesha yale yale ya muuguzi wako. Wamenivisha kola ngumu ya kushikilia shingo, aliyeikata hajui kazi. Keshokutwa wanaunga mifupa kwa skrubu. Daktari hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: watazuia yasizidi, lakini mikono kurudi hana uhakika. Nami naogopa. Nisiposhona tena, lile shati litunze.

Mama yako

2 Juni

Shikamoo Mama,

Dada ameandika tu kwamba ulitoka salama chumba cha upasuaji, mengine utasema mwenyewe. Basi sema. Kila asubuhi nikifunga vifungo vyako naifunua kola nitazame yale matone.

Mwanao

19 Julai

Mwanangu,

Marahaba, hujambo? Nilimkataza dada yako. Nilitaka mwandiko uwe wangu, hata ukienda upogo. Natembea mpaka kwenye cherehani bila kushika ukuta. Shingo haigeuki, nikiitwa nageuka mwili mzima, na wateja wanadhani naringa. Kidole kidogo cha kushoto bado kimelala. Nitumie vipimo vya muuguzi, nimshonee gauni.

Juzi nilijaribu kifungo kimoja. Sindano ikanichoma kidole gumba, ikauma mpaka machozi yakanitoka. Dada yako akaja mbio na kitambaa. Nikamwambia aniache kwanza, niisikie.

Mama yako