Kidole cha Mwalimu

Butembo, siku ya ine, mangaribi

Sijui kama kesho bazazi batabaacha batoto barudi ku masomo. Lakini Kavira, ule mutoto! Leo alinitawala mimi mwalimu wake, mbele ya darasa yote.

Tangu juma hii batoto ndio banaongoza mazungumuzo juu ya texte, ile hadithi tunasoma, kila mutu kwa zamu yake; leo ilikuwa zamu ya Kavira. Kanuni balitunga bo benyewe: anayetaka kusema anyoshe kidole kwanza, hata mwalimu. Ile "hata mwalimu" ilinikasirisha kidogo.

Texte ya leo ilikuwa ya mama mumoja wa kule Masereka aliyekimbia vita, kisha akarudi kuchukua mbuzi wake. Kambale akasema ule mama ni mujinga. Kahindo akamujibu: "Weye hauna mbuzi, donc hauwezi kujua."

Pale pale masasi ya bunduki ikaanza kulia nyuma ya kanisa. Siye bote tumbo chini. Nikafikiri somo imeisha.

Kisha nikasikia sauti ya Kavira, polepole, mule ku vumbi: "Kambale, Kahindo amekujibu. Unasema nini?"

Na Kambale akajibu! Bakaendelea kubishana juu ya mbuzi, kwa sauti ya chini, na hapana hata mumoja aliyelia.

Nilitaka kubaambia banyamaze. "Kavira, mimi..."

"Mwalimu, kidole."

Nikanyosha kidole, nikiwa nimelala vile. Bote balikiona.

"Mwalimu, sema."

Nikasema: "Muendelee."