Kamera Iliyomsubiri Mgeni Rasmi

Jumanne

Wengi hukosea kudhani kamera ya setilaiti ukiiamuru inapiga picha tu. Lazima kwanza jua lijaze betri.

Wanafunzi wangu, walioiunda setilaiti yetu ndogo, walilijua hilo. Lakini siku ya sherehe mgeni rasmi alichelewa, na kitufe cha kuamuru picha ya kwanza kilikuwa chake. Alipobonyeza, setilaiti ilikuwa inapita gizani, kwenye kivuli cha dunia, betri imechoka. Tangu hapo kimya.

Leo Zaina, aliyeiunda kamera, kaniuliza, "Mwalimu, nyumbani Kondoa wanadai picha ya milima yao. Niwaambieje?"

"Waambie bado."

"Bado, au ndiyo basi tena?"

Nadhani ndiyo basi. Kesho Zaina na wenzake wanashusha antena yetu ya kupokea ishara zake, na bila antena, hata ikiamka huko juu, nani ataisikia...

Lakini ngoja: jua likiijaza betri tena, huenda ikaamka kweli. Najiandikia nisisahau: mpigie Zaina leo hii, kabla hujalala, umwambie antena isishushwe.